Darasa Uliloniachia

Mwanangu Kabula,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Wewe na mama yako mko chumba cha pili mnagombana na zipu ya begi. Mama yako anataka dagaa waingie, zipu haitaki. Mambo ya soksi nzito, ya pasipoti kukaa kwenye mkoba wa shingoni, ya kutokula kitu usichokijua jina, ameshakuambia yote na atakuambia tena kesho tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo langu moja, na limenikaa kooni tangu siku lilipokuja jibu la Japani kwamba umekubaliwa.

Nakuonea wivu.

Cheka ukipenda, lakini usidhani ni utani. Huu ni wivu wenyewe, ule wa mtu kukaa mbele ya ugali na sato wa kukaanga akashindwa kumeza. Majirani wanasimama mlangoni, "Hongera Baba Kabula, binti anakwenda kuusoma mchezo mpaka kwenye shina lake," nami najibu tunamshukuru Mungu. Moyoni nasema, alitakiwa kwenda baba yake. Halafu narudi kwenye cherehani yangu, nashona maturubai siku nzima.

Juzi tulipomaliza kula ulinipigia goti ukaninawisha mikono, kisha ukasema, "Baba, watoto nimewaambia Jumamosi utakuwepo wewe. Naomba darasa lisife." Nikakujibu kwamba nina maturubai ya watu, msimu wa pamba umefika na malori hayasubiri. Ukasema, "Sawa, baba," ukaondoka na beseni lako. Hukurudia tena. Afadhali ungenisumbua, ningepata pa kukasirikia. Barua hii ndiyo jibu la swali lako, ila nitalifikia polepole, kwa sababu nataka kwanza ujue linatoka kwa mtu wa namna gani.

Namna nilivyoanza aikido, huu mchezo wetu wa Kijapani wa kuangushana, unaijua kwa hadithi ya mama yako, ambayo ina vichekesho vingi kuliko ukweli. Yangu ni hii. Mwalimu Rutta alikuja kwangu akiwa mteja. Mhaya wa Muleba, mfupi, suruali imenyooka pasi kama anakwenda kuoa, Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Alikuwa mhandisi wa mitambo, alisomeshwa Japani ujanani, na huko ndiko alikojifunza. Alitaka nimshonee magodoro ya turubai yajazwe pumba za mpunga, ya kuangukia watu. Nilimwuliza mara mbili kama nimemsikia vizuri. Nilipoyapeleka kwenye ukumbi wa kanisa hapa Pasiansi, nikamkuta kijana mmoja mpakuaji wa samaki wa Kirumba, jitu hasa, amemkamata mkono kwa nguvu zake zote. Mwalimu hakumvuta wala hakumsukuma. Aligeuka tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na lile jitu likaenda chini, likabingirika kwa bega, likasimama linacheka. Kesho yake nilirudi bila turubai lolote, nikaomba kuingia.

Ikawa kila Mwalimu alipotaka kuonyesha jambo, ananiita mimi nishike mkono wake, na mimi ndiye ninayeruka. Niliangushwa mbele ya wageni, mbele ya padri, mbele ya mama yako aliyekuwa na mimba yako akaniambia nimerogwa. Niliipenda ile kazi kupita kiasi. Mtu anayeangushwa na mwalimu kila siku huanza kudhani yeye ndiye nusu ya mwalimu, na mimi nilidhani. Watu wapya walipokuja nilikuwa nawapokea mlangoni kama ukumbi ni wa baba yangu.

Kisha ukaja wewe. Ulikuwa mdogo, mama yako alikutuma uniletee chai ya chupa. Ulikaa kwenye benchi ukatutazama, halafu tulipopumzika ukavua kandambili ukaingia kwenye godoro ukabingirika. Bega, mgongo, nyonga, ukasimama. Hakuna aliyekufundisha. Mimi bega langu la kushoto lilikuwa bado linagonga chini kama gunia la mahindi, baada ya muda wote ule. Mwalimu akakutazama akasema, "Ndivyo." Neno moja tu. Mayu, mwanangu, nilikuwa sijawahi kuambiwa hilo neno hata mara moja. Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniuliza mbona natembea haraka, nikasema mvua inakuja.

Hapo ndipo wivu wangu ulipozaliwa, na wewe hukuwa na kosa lolote. Nilijisikia vibaya kumwonea wivu mtoto wangu mwenyewe, kwa hiyo nikaubadilisha jina nikauita bidii. Nilianza kufika mapema kuliko wote. Nilianza kukurekebisha hata pale ulipokuwa sahihi. Unakumbuka nilivyokuwa nakushika mkono nakwambia, "Kiwiko, kiwiko"? Kiwiko chako hakikuwa na shida.

Lile la Kisesa unalijua kwa nje. Ngoja nikupe la ndani.

Mimi ni mtoto wa manju. Babu yako aliongoza ngoma, na nilizaliwa nikijua kwamba ngoma ni pande mbili. Baada ya mavuno Bagika wanasimama huku, Bagalu wanasimama kule, uwanja mmoja, wakati mmoja, na watazamaji wako huru. Upande utakaowavuta watu ndio umeshinda. Babu yako alikuwa akilala na hofu ya wapinzani na kuamka na wimbo mpya, na ndiyo maana nyimbo zake zinaimbwa hadi leo. Nilikuwa na hakika kwamba kitu kisichoshindaniwa hufa. Kwa hiyo Mwalimu alipokwenda kwao Muleba kutibiwa goti, akaniachia darasa, nikasema sasa nitalitia uhai. Nikaligawa mara mbili, Pasiansi upande mmoja, wa Igoma na Buhongwa upande wa pili. Nikatafuta ngoma. Nikaenda kuomba uwanja Kisesa, msimu ule ule wa mashindano, watu wakiwa wengi.

Kulikuwa na kitu kidogo nilichokisahau. Katika aikido mmoja anashambulia na mwingine anapokea, na anayeanguka anautoa mwili wake ili mwenzake ajifunze. Kesho yake zamu inageuka. Sasa mwambie mtu kwamba upande wake unatazamwa na uwanja mzima, uone kama atakubali kuanguka. Hakuna aliyeanguka. Walikamatana pale katikati kama fahali wawili wa zizi moja, wanasukumana, wanahema, mishipa imewatoka shingoni. Watazamaji wakatucheka kidogo, kisha wakatuhama wote wakaenda kwa wacheza na nyoka. Masanja, lile jitu la Kirumba, alikataa kwenda chini mkono wake ukiwa umeshapindwa, na bega likachomoka. Tulimkimbiza hospitali anapiga kelele. Wewe ulikuwa darasa la saba, ulisimama ukingoni mwa uwanja umeshika viatu vyangu, na macho yako sikuyapenda.

Mwalimu aliporudi nilingojea matusi. Alimtembelea Masanja, kisha akaja ukumbini, akatazama wanafunzi wa upande mmoja wamekaa huku na wa upande mwingine wamekaa kule, hawasalimiani. Akaniambia, "Maganga, umewafundisha kushinda. Sasa nani atawafundisha kuanguka?" Watu wakapungua mmoja mmoja, ukumbi ukapewa kwaya, goti la Mwalimu likamshinda akastaafu akarudi Muleba kwenye kahawa na migomba yake. Magodoro niliyabeba nikayarundika kwenye banda nyuma ya karakana yangu. Nilijiambia nayahifadhi. Panya ndio waliofurahi.

Na wewe, bila kuniuliza, ukiwa kidato cha tatu, ukayaburuta nje ukayakung'uta. Ukaanza na watoto wa jirani, wale wanaoshinda kwenye mawe ya ziwani wakirusha ndoano. Nilikuwa nashona nawasikia. Sikuingia hata siku moja. Nilikuwa naiongeza moto cherehani ili ipige kelele kuwazidi, na mama yako alipita na ndoo akaniambia, "Baba Kabula, hilo turubai umelishona mara tatu sasa." Huyo mwanamke hana huruma.

Kilichonimaliza ni ule wimbo wa jembe. Siku moja nikasikia watoto wanaimba wimbo wa bugobogobo, wimbo wa babu yako, ule wa kulima kwa pamoja ambao majembe yote yanapanda na kushuka kwa sauti moja. Nikachungulia. Ulikuwa umewapa fimbo za kufanya panga za mti, nao wanakata hewa kwa mwendo wa jembe, wote kwa pamoja, na yule mwenye pumzi fupi anabebwa na wimbo hadi mwisho. Hakuna aliyekuwa anamshinda mwenzake. Mgongo umenyooka, nyonga zimekaa, mabega yameshuka, vitu ambavyo Mwalimu alivililia kwetu miaka na miaka tukashindwa kumpa. Nilikaa chini kwenye gunia. Ule wimbo ni wa baba yangu, Kabula. Nimeulima, nimeucheza, niliujua kabla ya kujua kusoma. Nilikwenda kwenye ngoma ya kwetu nikachukua mashindano, wewe ukaenda ukachukua kulima. Kwa nini sikuliona mimi? Swali hilo nimelala nalo mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Sasa nikuambie kuhusu hakama yako, kabla mama yako hajakuambia kwa namna yake. Uliniomba nikushonee ile sketi pana nyeusi ya kuvalia juu ya suruali, nami nikaishona vizuri, marinda yote saba, naijua kazi yangu. Ilipokwisha nikafunga mlango wa karakana, nikaivaa. Nikasimama mbele ya kile kioo kilichopasuka. Nikageuka kidogo, marinda yakafunguka. Mlango ukafunguliwa.

"Baba Kabula! Si ya mtoto hiyo?"

"Napima."

"Unapima nini? Kabula ana kitambi?"

Nikamwambia fundi mzuri hupima kazi yake. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mwenye wivu ajinyonge," kisha akauona uso wangu. Akanisaidia kufungua mikanda. Alipofika kwenye fundo la mwisho akaniambia taratibu, "Mwambie. Utapasuka." Mimi nikamwambia hakuna cha kumwambia.

Haya. Tumefika leo.

Asubuhi mlipokwenda Kisesa kumuaga bibi yako, nilisema nina kazi. Nilikuwa na kazi kweli, lori la pamba lilikuwa linangojea turubai na kitambaa kilikuwa hakitoshi. Nikaenda bandani. Nikaangalia yale magodoro nikasema, hili ni turubai zima kabisa, limekaa tu, na mwenye darasa anaondoka, na mimi nilishasema sitafundisha. Nikachukua wembe. Nikaanza kufumua mshono wa godoro la kwanza, uzi wa nailoni niliouvuta kwa mikono yangu mwenyewe. Pumba zikaanza kumwagika. Mayu, sikukusudia kupata kitambaa cha lori. Dukani kipo. Nilitaka ukiondoka kusiwe na kitu nyuma yako ambacho watu wataonyesha kwa kidole waseme hiki ni cha Kabula.

Nikiwa katikati ya mshono simu ikalia. Mwalimu Rutta.

"Maganga, namtafuta Kabula, simu yake haipatikani."

Hata shikamoo yangu aliikatisha. Kwangu huwa hapigi, kwa vile mimi sina maana kwake. Nikamwambia uko Kisesa, halafu mdomo ukafunguka wenyewe. "Mwalimu, mbona hukunituma mimi? Miaka yote ile nimeanguka kwa ajili yako. Ulikuwa na wenzako kule, ungeandika ningekwenda. Mbona mimi hapana?"

Nilisikia kuku wa kwake.

"Nilikuwa na uwezo wa kumwombea mtu mmoja," akasema. "Nikamwombea aliye bora. Wewe, Maganga, ulikuwa wa kwanza. Hukuwa bora."

Alivyolisema ndivyo ninavyokuandikia, sikulipunguza. Nilikuwa nimeshika wembe mkono mmoja na simu mkono wa pili, na pumba hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilitaka kukata simu nikashindwa, maana ukweli ukiungojea muda mrefu, ukifika unausikiliza mpaka mwisho.

Kisha yule mzee akacheka, kicheko kibaya cha mtu mwenye kikohozi. "Unamwonea wivu?"

"Sana."

"Basi tuko wawili. Juzi kaniambia kwa simu atakuwa anaamka alfajiri kufagia ukumbi niliokuwa nafagia mimi. Nimekaa hapa na goti langu, nimekosa usingizi. Yule mtoto ana magoti, Maganga! Magoti yote mawili!" Akakohoa tena. "Kaniambia darasa amekuachia wewe. Nikamwambia usimwachie huyo, atawagawa pande mbili. Akaniambia, 'Hapana, Mwalimu. Baba anajua kuanguka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mtoto mdogo anahitaji kujua hilo kwanza.'"

Aliaga akasema umpigie ukirudi. Naomba umpigie kabla hamjalala.

Sijui kama ulisema hivyo kwa sababu unaamini, au kwa kumtuliza mzee. Usiniambie. Mimi nimeamua kuliamini. Nilikaa pale chini muda mrefu, nikawaza vijana wote niliowafundisha bila kuwafundisha kuanguka. Nilikuwa nataka niwe ninayeangusha. Lile nililokuwa nalijua kweli, nililolilipia kwa bega na mgongo, nililiona la aibu, kama kazi ya mtu wa chini. Kumbe wewe, ukiwa mtoto kwenye benchi na chupa ya chai, ulijifunza kubingirika kwa kunitazama mimi. Mwalimu mwenyewe hakuwa anaanguka, nani mwingine ungemtazama? Hili sikuwahi kulifikiria mpaka leo, na nimekuwa baba yako muda wote huo.

Kwa hiyo mwanangu, sina hekima ya kukufungia kwenye begi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba huko unakokwenda utakutana na watu walio bora kuliko wewe, na wengine watakuwa wadogo kwako. Utaona wivu. Nimekurithisha, huna pa kukimbilia. Ukikupata, uite kwa jina lake mapema. Mimi niliuita bidii, nikauita kuhifadhi mila, nikauita maturubai ya watu, na kila jina lilivunja kitu, la kwanza likavunja furaha yako kwa habari ya kiwiko, la pili likachomoa bega la Masanja, la tatu likafumua godoro. Ukishauita wivu unabaki kuwa wivu tu, unauma, lakini mikono yako inakuwa huru kufanya kazi.

Watakuambia ufagie kabla hawajakufundisha, Mwalimu alishatuhadithia. Fagia. Lakini usifanye kama mimi, usifagie ukitazama nani anakuona. Na wakikutumia kuangushwa, usikae unahesabu ni lini utaangusha. Na ukija kuupenda ule mji kuliko huu, uniambie kabla ya kumwambia mama yako. Nitaumia, lakini mimi angalau nina uzoefu.

Na usije ukarudi unafanana na Wajapani kuliko wao wenyewe, ukawaletea watoto wa Pasiansi kitu kilichofungwa kwenye karatasi kisichoguswa. Wimbo wa babu yako uwafundishe na wao huko. Wakishangaa, waache washangae kwanza, kisha wape fimbo.

Sasa jibu lako. Godoro nimelishona tena. Limekaa vibaya kidogo, nilikuwa na haraka mrudi msinikute, na pumba nyingine zimebaki sakafuni, mama yako atazikuta kesho na atakuwa na la kusema. Lori la pamba limepata kitambaa cha dukani. Jumamosi nitafungua banda. Nitawafundisha kuanguka, hicho tu, mpaka urudi, kwa sababu kingine nikifundisha nitaanza kujiona. Sitawagawa. Wimbo nitauimba mimi mwenyewe ingawa sauti imekwisha.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Kesho ndege itapita juu ya nyumba yetu kama zinavyopita zote, na mimi nitakuwa nimesimama pale uwanja wa ndege nachukia kwamba sipo ndani yake. Nitakupungia mkono hivyo hivyo.

Na Jumamosi watoto watakapoingia wakaniuliza mwalimu wetu yuko wapi, nitawaambia amekwenda kujifunza. Wakiniuliza, na wewe babu ni nani, nitawaambia mimi ni mwanafunzi wake mpya, nimeanza leo.

Baba yako,
Maganga